Nyuzi Sitini

Imerudi Jumanne, ndani ya boksi lenye sponji,
na karatasi moja juu yake:
Skrini imebadilishwa. Imepimwa. Inafanya kazi.
Chini, sahihi iliyokunjamana,
ya mtu aliyesaini huku keshavaa koti.

Siku kumi na moja
nilikaa mbele ya kioo cheupe kisicho na doa,
nikijumlisha fedha za watu nisiowajua
hadi saa nane za usiku,
nje Dundee ikilowa kwa mvua ya ubavuni,
shakwe wakigombea mfupa wa kuku
juu ya paa la Bwana Innes.

Ya kumi na mbili nikainua kifuniko.
Uzi.
Wa kijani, mwembamba kama jani la mchaichai,
umeshuka toka juu hadi chini
pale pale ulipokuwa, kushoto kidogo ya katikati.

Kwetu dhamana ni ya kumtoa mtu mahabusu.
Tulimtolea mjomba Shekilindi, tukauza na mbuzi;
alirudi amenyolewa, amenukia sabuni,
na wiki ya pili alikuwa kule kule kwa kina Mbelwa,
usiku, akipima uzito wa kuku wa watu.

Nikampigia mwanamke wa dhamana. Anaitwa Catriona.
Zima, akasema. Nikazima. Washa. Nikawasha.
Mstari upo?
Nikaisogeza kompyuta niutazame vizuri,
na wallahi, haupo.
Ni kama mtoto wa homa za jioni:
nyumbani anatetemeka meno,
ukimfikisha zahanati anachezea viatu vya daktari.
Basi, bwana, akasema Catriona, kwa upole kabisa,
tuandike kwamba umepona?

Usiandike.

Mpakato, ndilo jina lake kwenye vitabu,
nami usiku ule niliipakata kweli,
nikaifungua taratibu, nikaifunga, nikaifungua,
hadi nikaujua ugonjwa:
haumo usoni. Usoni wameshabadilisha.
Umo shingoni, kwenye bawaba,
waya fulani unaobanwa kila kichwa kinapoinuka.
Ikiinama, nyuzi sitini hivi, uzi hauonekani.
Ikisimama wima kama kompyuta za watu, huo hapo.

Kwa hiyo tumeinama wote wawili.
Nimeiegemezea pakiti ya unga wa sembe, kilo mbili,
nasoma kama mtu anayechungulia uvunguni.
Kazi ya chuo nimeipeleka. Nimepata sitini na nane.

Jumapili mama akapiga, toka Korogwe,
kwa simu ya binti wa Kihiyo.
Mbona naona shati tu?
Kamera imeinama, mama.
Na hiyo shingo? Umekonda shingo. Huli?
Nakula. Ni kompyuta, inaumwa.
Kompyuta ndiyo inayokula?
Binti wa Kihiyo akacheka mpaka simu ikayumba,
nikaona dari, nikaona feni, nikaona kalenda ya mwaka juzi.

Nikatoa pakiti ya unga.
Nikainua kifuniko polepole, sabini, themanini,
hadi mama akasema, haya, simama hapo hapo,
sasa nakuona.

Aliniona mzima, na ndevu nisizonyoa.
Mimi nilimwona vipande viwili:
jicho moja na kipini upande huu,
jicho jingine upande wa pili wa uzi,
na mdomo ukivuka huku na huku ukinisimulia
bei ya mchele, msiba wa kina Mbelwa,
na ukuta wa choo uliopasuka tena
pale pale fundi alipoziba.

Sikumwambia.
Tuliongea saa nzima na dakika tano.

Boksi na sponji lake viko chini ya kitanda.
Kesho nampigia Catriona, asubuhi, kabla ya zamu;
nitamwambia neno bawaba, nilitafute kwanza kwa lugha yake.
Zimebaki siku arobaini na tatu.